Karatasi Zenye Asali ya Tende

Osaka, Japani
Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada yangu Nasriya,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba jambo moja: neno lolote lililomo humu lisitoke kwako. Usimsomee Mama. Usimwambie shemeji hata kwa mzaha. Nimekuandikia kwa baruapepe yako ya shuleni kwa sababu simu yako ni ya watu wote. Bashayer anaisoma kabla yako wewe uliyemzaa, na jambo likishajulikana na Bashayer limeshajulikana mtaa wote wa Khuwair. Ukimaliza kusoma, futa. Kisha nenda kule vinakokaa vilivyofutwa, ufute tena.

Niko peke yangu.

Bosi wangu, Bwana Maan, hakuja. Pale uwanja wa ndege wa Muscat niliwaambia nyote kwamba yuko ndani ananingoja, na Mama akanisomea dua akaondoka moyo mweupe. Ndani hakukuwa na mtu. Alikuwa amenipigia simu tukiwa njiani, akasema goti limemshika, hawezi kukaa kwenye ndege saa zote hizo. Akaniambia, "Nenda wewe. Karatasi unazijua wewe." Mimi ambaye sijawahi hata kulala Salalah, humo humo Oman, bila nyinyi.

Hujawahi kuniuliza kwa undani ninachofanya kule kiwandani Rusayl, nami sikuwahi kukueleza, kwa hiyo nakueleza sasa. Kiwanda chetu kinatoa kokwa za tende, kinasaga tende zenyewe na kuzifunga katika makatoni. Mnunuzi wetu mkubwa yuko huku, katika mji mdogo saa moja na nusu kwa treni kutoka hapa Osaka. Anazitia tende zetu kwenye sosi. Usicheke. Ni sosi nyeusi, nzito, wanayoimwagia chapati ya kabichi. Mwezi wa Septemba walikuta kokwa tatu katika katoni moja, na kokwa moja ikavunja kisu cha mashine yao. Wakaomba karatasi zetu zote za ukaguzi, za miezi sita. Nikawatumia. Wakaandika tena, kwa adabu nyingi, kwamba wangependa mtu aje azungumze nao uso kwa uso. Tutakutana Jumanne. Wasipotuamini hawatanunua tena, na Bwana Maan amesema ule mstari wa mashine za kutoa kokwa utafungwa kabla ya Ramadhani. Ni wanawake arubaini, Nasriya.

Haya, nchi yenyewe.

Nilifikiri nitaona majumba marefu na taa, na kweli yapo, lakini kilichonikamata ni kimya. Kwenye treni watu mia wamekaa kama wako maktaba. Nami nikakaa hivyo hivyo, mikono magotini, nikiona fahari kwamba nimeweza. Ndipo simu yangu ikaadhini. Nilikuwa nimesahau kuizima ile programu ya sala. Allahu Akbar kwa sauti yote, behewa zima, nami natafuta simu mfuko huu, mfuko ule, kumbe iko kwenye begi. Nilitamani sakafu inimeze. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami, mfupi, amekumbatia vitunguu vya majani, alisubiri mpaka nikaizima, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyekaribishwa kitu. Sikujua nifanye nini. Nami nikainama. Akainama tena. Tuliinamiana mpaka kituo chake kikafika.

Kwenye njia ya kuvukia barabara, hakuna gari upande huu wala ule, na watu wote wamesimama wakingoja taa. Nilisimama nao. Watoto wa darasa la kwanza wanakwenda zao peke yao, kofia za manjano, mabegi makubwa kuliko migongo yao. Msalani kuna maji, tena ya moto, kwa kubonyeza kitufe. Mwambie Mama hilo moja tu. Ndilo alilokuwa akinihofia.

Lakini nisikie hili. Nilikaa behewa la mbele, nyuma ya kioo cha dereva. Kila akifika kwenye taa ya njia, dereva ananyoosha kidole, glavu nyeupe, anaielekeza ile taa na kuisema kwa sauti. Yuko peke yake mle ndani! Anaielekeza saa, anaisema. Anauelekeza mwendo, anausema. Nikamuuliza kijana wa mapokezi hotelini, akanijibu kwamba ndivyo wanavyofundishwa, mtu akionyesha na kutamka hakosei. Nasriya, mimi ninayerudi mara tatu kuangalia kama jiko limezimwa, mimi mnayeniita Bwana Wasiwasi, huku ningekuwa dereva wa treni.

Naogopa Jumanne. Niombee, lakini kimyakimya.

Mdogo wako,
Jaifar


Khuwair ya Kusini
Jumatatu, 10 Novemba

Bwana Wasiwasi wangu,

Nimeisoma barua yako chumba cha walimu, nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna nchi imepatikana ambayo kila mtu ni Jaifar.

Nimefuta. Nimefuta na vilivyofutwa. Sasa sikiliza, na ukae chini.

Mama anajua.

Si mimi, wallahi. Jana alasiri alinipa amri nimpeleke mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ana duka lake la matunda pale haliachi. Tumeingia, mimi nachagua nyanya, yeye kapita mbele na kigari chake. Nasikia sauti yake: "Bwana Maan! Japani mmeshaimaliza?" Nikageuka. Bosi wako kachuchumaa kwenye matikiti, kashika moja kalipandisha sikioni, analigonga kwa kidole. Na goti zima! Akaruka akasimama wima kama askari. Akasema, "Aa, Bibi, mimi nimetangulia kurudi." Mama akamwambia, "Umetangulia kurudi kabla hujafika? Mwanangu kaondoka juzi." Bwana Maan akaangalia tikiti, tikiti halikumsaidia.

Garini, tumefika mzunguko wa barabara, Mama kaizima redio. Kisha: "Nasriya, Japani mbali kiasi gani?" Nikamwambia mbali. "Na Jaifar yuko huko peke yake?" Nikashika usukani kwa mikono miwili. Akasema, "Usinambie. Nnataka aniambie mwenyewe."

Nikafikiri atalia. Unajua kafanya nini? Tumefika nyumbani, kabla hajavua baibui, kampigia simu Bibi Khole. Nilikuwa jikoni nikisikia kila neno. "Mwanangu kaitwa Japani. Hapana, si na watu. Kaitwa yeye. Peke yake! Wamemtaka yeye." Halafu akampigia mwingine. Mpaka isha nusu ya jamaa zetu wanajua kwamba Wajapani wamekwama na wanakungoja wewe. Hivyo siri yako usinilaumu mimi, nenda kamlaumu aliyekuzaa na fahari yake.

Hilo la kwanza. La pili si la kucheka. Bwana Maan si mtu wa kukimbia safari. Alikwenda Ujerumani na mkono kwenye bendeji. Mtu anayelichuchumalia tikiti hana goti bovu, ana jambo asilotaka kukutana nalo. Kakupa nini ukabebe? Mimi nimekulea, Jaifar. Barua yako ina kurasa mbili za treni na mistari mitano ya kazi. Ukiwa huna cha kuficha huwa kinyume chake.

Kula vizuri. Uliza kama kuna nguruwe kabla hujala, si baada.

Dada yako,
Nasriya


Nyumba ya wageni, karibu na kiwanda
Jumanne, 11 Novemba

Dada Nasriya,

Umenijua. Nakwambia yote sasa, na hili kweli lisifike kwa Mama.

Asubuhi nilivaa kanzu na kofia, nikafika kiwandani dakika ishirini kabla. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Walikuwa wamesimama mlangoni watu sita, wamepanga mstari, wakainama pamoja. Kwenye ubao wa wageni wameandika jina langu kwa herufi zetu za Kiarabu, mtu kakaa akayachora yale maandishi moja moja, hata nukta za herufi zimewekwa mahali pake. Nilivua viatu, nikavaa ndara, kwenye chumba kingine nikavua ndara nikavaa nyingine. Kiwanda chote kinanuka siki na tende. Nasriya, kilomita zote hizo, na ukutani makatoni yetu yamepangwa, jina la Rusayl linasomeka.

Mkuu wa ukaguzi anaitwa Bwana Okabe. Ni mzee, mwembamba, mikono mikubwa kama ya fundi. Mkalimani ni binti anayeitwa Mizuki, anasema Kiingereza kwa upole sana. Bwana Okabe hakuniuliza kuhusu kokwa. Alizipanga karatasi zangu mezani, siku mia na hamsini na sita, meza ikajaa. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Nani aliyekuwa akiziandika?"

Nikajibu, "Wasimamizi wa zamu."

Mizuki akafasiri. Bwana Okabe akaitikia kwa kichwa polepole, akazikusanya zote, akafunga faili. Wakaleta chai. Wakanionyesha miti iliyopo uani, majani yamekuwa mekundu, wakaniuliza kama Oman kuna majira ya majani kuanguka. Nikadhani mkutano umekwenda vizuri! Nimerudi huku kwa miguu nikitabasamu. Nimekaa kwenye mkeka, nimefungua kompyuta, nimezitazama zile karatasi kwa macho yake, ndipo nikaona alichokiona.

Zote ni mwandiko wangu. Kalamu moja. Hazina doa.

Wanawake wanaandika pale pale mashineni, mikono ina asali ya tende. Karatasi zao zinanata, zina alama za vidole, maneno yamekatwa yakaandikwa juu. Nilizionea aibu. Sisi tumefunzwa mgeni hapewi kikombe chenye ufa, nami niliona hivyo hivyo, huwezi kumpelekea mtu wa Japani karatasi ina asali. Kila Alkhamisi nilikaa nikazinakili upya kwa faili la wanunuzi, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nilijivunia kazi hiyo, Nasriya. Sasa Bwana Okabe anaamini kwamba siku moja nilikaa nikabuni miezi sita. Na aliponiuliza nani kaandika, nilimdanganya. Hofu tu ilinitoa neno mdomoni.

Na lipo kubwa zaidi. Wanawake walikuwa wakiandika maneno pembeni, kwa Kiswahili. Fomu haina nafasi ya maelezo, kwa hiyo nikinakili nayaacha. Peninah, yule msimamizi wa asubuhi kutoka Kenya, aliandika mara nyingi, nakumbuka, kwamba mashine namba tatu inaacha kokwa. Fundi aliambiwa. Bwana Maan aliambiwa, akasema meli haingoji. Maneno hayo kayaandika yeye, na mimi ndiye niliyeyafuta.

Umeniuliza Bwana Maan kanipa nini. Kanipa barua niwakabidhi Ijumaa, kwenye mkutano wa pili. Inasema kwamba Peninah na wanawake kumi na mmoja wa zamu yake walizembea, na kwamba wamekwisha ondolewa kazini. Hawajaondolewa. Wataondolewa nikirudi. Najua maneno yake yote kwa moyo kwa sababu niliichapa mimi. Alinisomea, nikachapa, nikamuuliza kama tarehe iwe ya Kiarabu au ya Kizungu.

Peninah huyo, mwezi wa Ramadhani, alikuwa anakwenda kula nyuma ya ghala, kwenye jua, ili sisi tuliofunga tusimwone.

Bwana Maan aliniamuru nizitupe zile karatasi chafu. Sikuzitupa. Siwezi kutupa karatasi yenye saini ya mtu. Ziko chumbani kwangu chini ya kitanda, kwenye boksi la pasi. Nakuomba uzitoe, utafute wiki ya kwanza ya Agosti, uzipige skani kwa rangi, si nyeusi na nyeupe, unitumie kabla ya Ijumaa. Mama asikuone. Na usimwambie Peninah habari ya barua. Sina uso wa kumwelezea.

Nikizionyesha nitapoteza kazi. Nisipozionyesha watapoteza wao. Nimekwisha amua, nitazionyesha.

Jaifar


Khuwair ya Kusini
Jumatano, 12 Novemba

Jaifar,

Skani ziko chini ya barua hii, kurasa zote za Agosti. Sasa ungamo langu.

Nilingoja Mama aingie kusali. Nikaingia chumbani kwako, nikapiga magoti, nikajisukuma chini ya kitanda mpaka kiunoni, maana boksi umelisukuma hadi ukutani kama mwizi. Nikasikia nyuma yangu: "Na wewe unapotelea wapi? Nna mtoto mmoja Japani, mwingine chini ya kitanda!" Sala yenyewe alikuwa ameshaimaliza.

Nimemwambia. Sikuweza vinginevyo, nusu yangu ilikuwa uvunguni. Alisikiliza yote, hata la barua. Kisha akakaa kitandani, akaniambia nimpe miwani yake na boksi. Alishika karatasi ya kwanza, ikanata kidoleni. Akaitazama. Akasema, "Hii ndiyo alokuwa akiionea haya?" Nikamwambia ndiyo. Akaigeuza upande wa pili. Akasema, "Makosa yangu hayo. Mimi ndo nliyemfunza kuficha kikombe chenye ufa."

Kisha akasema, "Mwite huyo Peninah."

Nilimpigia kwa namba aliyoiandika kwenye karatasi, akaja na basi la kiwanda baada ya zamu, bado kavaa koti la kazi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya barua taratibu. Mama akamwambia kabla hajakaa. Nisamehe, au mlaumu aliyekuzaa, kama kawaida. Peninah akashika mlango. Mama akasema, "Kaa, mwanangu. Aloichapa ni mwanangu, na atakayeirekebisha ni yeye. Unakunywa chai ya maziwa?" Peninah akasema, "Mama, leo hata ya chumvi nitakunywa."

Walikaa wawili sakafuni mpaka magharibi wakizipanga karatasi kwa tarehe. Hawaelewani nusu ya maneno. Mama akisema, "Hebu nitilie hiyo huku," Peninah anauliza, "Nitie wapi?" Kuna karatasi moja Peninah aliandika "fundi amekuja, ameangalia, ameenda zake." Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Akasema huyu mwanamke angepewa gazeti aliandike.

Karatasi zenyewe nimezipeleka kwa wasafirishaji, zitakufikia Jumatatu. Peninah kaomba akuandikie, nimemwachia kompyuta.

Wewe simama tu. Mama kasema nikuandikie hivi, na nimeandika kama alivyosema: "Mwambie sioni haya naye. Nitaona haya akirudi keshawapa ile barua."

Nasriya


Jumatano, 12 Novemba

Jaifar,

Salamu sitakupa ndefu. Nimeambiwa kuhusu barua. Nilikaa chini kidogo, nikapewa chai, nikakaa tena.

Miaka minne tumefanya kazi na wewe. Wewe ndiye ulinitafutia daktari nilipokatwa kidole na kisu cha mashine. Kwa hivyo sitaki kukutukana, ingawa nilikuwa nimeshapanga matusi mazuri tu, ya kwetu Kisii, hungeyaelewa.

Nina ombi. Ukifika mbele ya hao watu, soma vile niliandika. Usiirembe. Usinirekebishie Kiswahili, usitoe neno, usiongeze "tafadhali." Nilipoandika kwamba tumechoka kuambia fundi, tulikuwa tumechoka kweli. Mimi sikuandika ili mtu anipambie. Niliandika ndio siku moja mtu akiuliza, tujulikane tulisema.

Na ile alama kubwa kwa karatasi ya tarehe sita Agosti si uchafu. Ni kidole changu. Mashine ilikuwa imesimama, nikatoa kokwa kwa mkono katoni nzima, nikaandika bila kunawa kwa sababu nilitaka saa iwe sahihi.

Wasichana wanakusalimu. Wanasema kama kuna baridi, uvae soksi.

Peninah


Nyumba ya wageni, karibu na kiwanda
Ijumaa, 14 Novemba

Dada yangu Nasriya,

Nimesali adhuhuri ya Ijumaa peke yangu chumbani, nimeelekea magharibi, dirisha linatazama shamba la kabichi. Mkutano ulikuwa asubuhi. Nakuandikia kwa mpangilio, nisiruke kitu.

Kabla ya mkutano nilimpigia Bwana Maan. Kwenu kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, lakini sikutaka asikie kwa wengine. Nilimwambia sitaitoa barua, na nitaonyesha karatasi za wanawake. Akasema, "Unataka kuniaibisha mbele ya watu ambao hata hujui kusema lugha yao?" Nikamwambia nitasema pia lililo langu, kwamba niliyafuta maneno yao kwa kalamu yangu. Akakata simu. Nikaitia simu mfukoni, nikavaa kofia, nikaenda.

Walikuwa wale wale sita. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha kwenye begi. Nikamwambia Mizuki, "Fasiri sentensi kwa sentensi, usinilainishie." Nikasema: Jumanne nilisema uongo. Karatasi mlizonazo nimeziandika mimi. Nilinakili kutoka hizi hapa, kwa sababu hizi niliziona chafu. Nikazitandika skani mezani, juu ya zile zangu safi.

Bwana Okabe akavaa miwani. Akachukua ile ya tarehe sita Agosti, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya ile alama, kikubwa kuliko cha Peninah, akauliza hii ni nini. Nikamwambia, ni asali ya tende, ni kidole cha msimamizi, mashine ilikuwa imesimama naye anatoa kokwa kwa mkono. Akauliza pembeni pameandikwa nini. Nikaanza kufasiri kwa Kiingereza. Akainua mkono. Mizuki akaniambia, "Anaomba kwanza asikie kwa lugha aliyoandika mwenyewe."

Nikasoma. "Namba tatu bado inaacha kokwa. Tumeambia fundi mara ya tatu, tumechoka kumwambia. Bosi anasema meli haingoji. Tunatoa na mkono lakini katoni zingine zimepita kabla tujue. Zile zimepita ziangaliwe tena. Peninah, saa nne na dakika kumi."

Nasriya, sijui nikueleze vipi. Kiswahili chetu, kile cha jikoni na cha mashineni, kilisomwa kwa sauti katika chumba kile, na watu wazima sita wameketi wima wanakisikiliza kama hati ya mahakama. Sikurekebisha neno. Nilisimama pale na kanzu yangu, nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona hata siku ya shahada.

Nikasoma kurasa kumi na nne. Nilipomaliza, Bwana Okabe alitoka. Nikafikiri nimekwisha. Akarudi na faili lake, akanifungulia. Karatasi zao za ukaguzi. Zina sosi. Zina alama za vidole, nyeusi, nyingine pembe zimekunjamana kwa mvuke. Akasema, na Mizuki akafasiri polepole: "Tangu zilipofika nilikuwa nasoma karatasi zenu, nikajiuliza kama kwenye kiwanda hicho kuna watu. Leo nimewaona."

Wataendelea kununua. Wameandika masharti manne, na yameshatumwa kwa Bwana Maan. Mashine namba tatu itengenezwe kabla ya shehena nyingine. Fomu iwe na nafasi ya maelezo. Karatasi zitumwe kama zilivyotoka mashineni. Na wanaosaini ni wale wale, kwa majina, wasibadilishwe bila wao kuarifiwa. Kwa hiyo mwambie Peninah na wenzake: hakuna atakayewagusa. Ile barua nimeichana vipande vinne, kisha nikavitafutia pipa lake, maana huku takataka zina mapipa ya aina sita, nami nilisimama hapo muda mrefu nikiogopa kukosea.

Mimi, Bwana Maan ameniandikia sentensi moja: "Usifike ofisini mpaka nikuite." Labda ataniita, labda hataniita. Naogopa, sikufichi. Lakini leo mchana nilipita kwenye mistari ya mashine zao na Bwana Okabe mbele yangu, na mfanyakazi mmoja akainyooshea kidole katoni yetu, akaisema kwa sauti kabla hajaifungua, na nilitembea kifua mbele. Mwambie Mama hivyo. Mwambie nimekiri mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na mwambie jioni wametupikia ile chapati ya kabichi, bila nyama, na ile sosi juu. Ni tamu. Ina tende zetu ndani, unazihisi mwishoni.

Wameniomba nibaki hadi Jumatano ijayo, nione wanavyokagua, na kwa sababu Bwana Okabe anataka kuzungumza na wasimamizi wa zamu wenyewe. Wapige simu Jumanne, saa tisa alasiri ya huku, ambayo ni saa nne asubuhi Muscat, wakati wao wa chai Rusayl. Wasitumie simu ya ofisini. Watumie ya Peninah, na wakae mahali palipo kimya, chumba cha makoti kinafaa. Namba nimekutumia kando, ya kiwanda inaanza na themanini na moja. Kama haikushika, wapige nyumba hii ya wageni, namba ya pili, waombe chumba namba tano. Mwenye nyumba hajui Kiingereza, lakini ukisema "Oman" anakuja kunigongea mbio. Kama nayo haikushika, wakuandikie wewe, nami nitakuwa nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa nane.

Atakayepokea kiwandani ni Mizuki. Peninah asijieleze sana, asiseme anatoka kampuni gani wala anamtafuta nani. Ataje jina lake tu. Hapa wanalijua.

Mdogo wako,
Jaifar